Gari la kampuni liliniacha Ferry

Tangu wenzangu wanichague kuwa mwakilishi wao, kuna swali ninaloulizwa hata nikiwa nimeshika sahani ya ugali kantini: "Dada, nikiumia njiani nikija kazini, kampuni italipa?" Anayeuliza huwa anataka neno moja, ndiyo au la. Sina neno moja la kumpa. Nina swali la kumrudishia: ulikuwa umepanda nini?

Nafanya kazi kwenye godauni la chai Changamwe, kitengo cha kufungasha. Chai inashuka kwa malori kutoka Kericho, Nandi na Nyeri, nyingine yatoka Uganda na Rwanda, inauzwa mnadani hapa Mombasa, na sisi tunaichanganya, tunaifunga na kuipakia kwenye makontena. Jina la kampuni sitalitaja kwa sababu bado nakula hapo. Tuna zamu mbili, na ya pili inatoka saa nne usiku, ndiyo maana kuna gari. Wageni hudhani gari hilo ni hisani ya mwajiri. Si hisani hata kidogo. Akina mama walikuwa wakiporwa simu na pochi wakitembea kwenda steji, chama chetu cha wafanyakazi kikapiga kelele, na hatimaye kifungu kikaingia kwenye mkataba wa pamoja kati ya chama na kampuni: zamu ya usiku itarudishwa kwa gari.

Gari lenyewe ni basi dogo la kukodi lenye dereva asiyependa maneno na redio inayoyapenda mno. Linatoka Changamwe, linapita Makupa, linashusha watu Mwembe Tayari, linashusha Posta, mwisho wake Ferry, kwenye kivuko cha Likoni. Sisi wa Likoni tunateremka hapo, tunavuka kwa miguu, na tukifika ng'ambo kila mtu na Mungu wake.

Sheria inayohusika ni ile ya Kenya ya mafao ya majeraha kazini ya mwaka 2007, ambayo hospitalini, kwa mawakili na hata kwa wachuuzi wa chai ya rangi nje ya geti letu inaitwa WIBA tu. Kabla yake kulikuwa na sheria ya zamani ya fidia, sura ya 236, ambayo wazee wetu ndiyo waliyoijua. Ukiifungua WIBA, kifungu cha 10 ndicho chenye mambo. Mwajiri anawajibika kumlipa mfanyakazi aliyeumia kazini, na hapo hakuna kuulizana nani alikosea. Umekatwa na mashine, umeangukiwa na gunia, umeteleza kwenye sakafu yenye mafuta, unalipwa. Huna haja ya kuthibitisha kwamba bosi alizembea. Ni ukifanya upuuzi wa makusudi tu ndipo unajinyima, na hata hapo, kama umekufa au umelemaa vibaya, sheria haikutupi.

Halafu kuna kijifungu cha 5. Kwa maneno yangu: mfanyakazi akisafirishwa kwenda au kutoka kazini, kwa ajili ya kazi yake, kwa gari lililotolewa na mwajiri ili kubeba wafanyakazi, safari hiyo inahesabiwa kuwa ni kazi. Basi. Hapo ndipo WIBA inapoligusa suala la njiani. Hakuna pengine panaposema kwamba mtu aliyeondoka kwake alfajiri akapanda matatu ya kawaida yuko kazini. Kwa hiyo sheria yetu haiikingi safari. Inalikinga gari.

Nilikuja kukifahamu kijifungu hicho kwa sababu ya trela. Ilikuwa usiku wa mvua, basi letu limepunguza mwendo likikaribia Makupa, trela ikaja kutoka nyuma na kutusukuma kama meza. Waliokaa viti vya nyuma ndio walioumia. Shoga yangu wa kitengo cha mizani, ambaye hukaa nyuma ili apate kulala, alivunjika mtulinga. Kijana mmoja wa kibarua alipasuka kwenye paji la uso na kuumia goti. Wengine tulitoka na michubuko na shingo zilizokataa kugeuka wiki nzima.

Kesho yake tulikwenda ofisi ya HR. Nakumbuka jibu kwa sababu lilitolewa kwa upole sana: "Dada zangu, poleni, lakini gari lile si letu. Ni la mwenyewe. Nendeni kwa bima yake." Na ukilitazama kwa haraka lina mantiki. Kadi ya gari haina jina la kampuni. Dereva hajaandikwa na kampuni. Ubavuni kuna jina la mwenye gari na namba yake ya simu, imefutikafutika.

Nikiwa sina la kusema, nilimpigia katibu wa tawi la chama, mzee aliyewahi kufanya kazi bandarini na ambaye hujibu simu kwa kukohoa kwanza. Akaniambia twende ofisi ya serikali ya usalama na afya kazini, ile watu wanaiita DOSH. Afisa aliyetupokea, mama wa makamo, hakutuuliza gari ni la nani. Aliuliza nani anamlipa mwenye gari kila mwezi, na linabeba nani. Tukamwambia kampuni ndiyo inayolipa, na halibebi abiria mwingine, hata askari wa usiku wa jirani akiomba lifti anakataliwa. Akasema kwamba sheria inataka gari liwe limetolewa na mwajiri kwa kazi hiyo, haikusema liwe limesajiliwa kwa jina lake. Kampuni ilipopata barua, mjadala wa umiliki ukafa kifo cha kawaida, hakuna aliyeuzika.

Utaratibu ulivyo, mfanyakazi au mtu wake anampa mwajiri taarifa ya ajali, kwa mdomo au kwa maandishi. Kwa maandishi ni bora mara elfu. Kisha mwajiri ana siku 7 tangu apate taarifa kuiripoti kwa mkurugenzi wa DOSH kwa fomu maalumu. Kama mtu amekufa, ni saa 24. Fomu ina sehemu ya mwajiri na sehemu ya daktari. Madai yenyewe yawasilishwe ndani ya miezi 12 tangu ajali, na yakishamfikia mwajiri au bima yake kupitia kwa mkurugenzi, wana siku 90 za kuyalipa. Kila mwajiri analazimika kuwa na bima ya WIBA, kwa hiyo ukisikia "kampuni haina pesa za kukulipa" jua kuna kitu hakikulipiwa mahali fulani, na si wewe wa kukibeba.

Kutembea na fomu ile ni kazi nyingine ya kutwa. Kwanza sehemu ya mwajiri ilijazwa na mtu ambaye hakuwamo garini, akaandika "aliteleza wakati wa kushuka". Shoga yangu aliisoma akiwa na mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni, akaiweka mezani, akasema hatasaini uongo hata kama mtulinga utaunga wenyewe. Ikaandikwa upya. Ninalitaja hili kwa sababu sentensi moja ya "aliteleza wakati wa kushuka" ingemtoa ndani ya gari, na ukishatoka ndani ya gari umetoka kwenye kijifungu cha 5.

Baada ya hapo mambo yalikwenda. Gharama za matibabu zililipwa na upande wa mwajiri. Kwa muda ambao hakuweza kufanya kazi alilipwa sawa na mshahara wake. Sheria inaruhusu hilo kwa ulemavu wa muda wa siku 3 au zaidi, hadi miezi 12. Mfupa ulipounga, daktari alimpima kuona amebakiwa na ulemavu wa kudumu kiasi gani, maana mkono haupandi juu kama zamani, na kwenye mizani ya magunia mkono usiopanda ni tatizo. Asilimia aliyopewa ni siri yake. Ila hesabu yenyewe ifahamike: unachukua mshahara wa mwezi, unazidisha mara 96, kisha unachukua asilimia ya daktari. Mtu wa shilingi 22,000 kwa mwezi, msingi wake ni 2,112,000. Akipewa asilimia 8, ni shilingi 168,960. Si utajiri, lakini ni pesa ambayo hakuna mtu angempa kwa kumhurumia.

Na bado hajafungiwa mlango wa kumdai mwenye trela. Sheria inamwachia mfanyakazi haki ya kumfuata mtu wa tatu aliyesababisha ajali, mradi mahakama izingatie alichokwisha kulipwa. Mwajiri ndiye asiyeweza kushtakiwa mahakamani moja kwa moja siku hizi. Mawakili walilipigania hilo miaka mingi, Mahakama Kuu ikasema hivi, Mahakama ya Rufani ikasema vile, mpaka Mahakama ya Juu ikafunga kitabu tarehe 3 Desemba 2019: anza kwa mkurugenzi. Ukiwa na wakili anayekuambia mkimbilie kortini kumshtaki mwajiri kabla ya DOSH, muulize vizuri.

Yule kijana wa kibarua ndiye aliyetutoa jasho. Ndani ya basi letu kuna daftari la kaunta, gamba jeusi, kalamu imefungwa kwa uzi wa gunia ili isiibwe. Ukipanda unaandika jina, unatia sahihi, na kurasa zake zote zina alama za vidole vya chai. Usiku ule kijana hakuandika. Alikuwa amepanda mwisho, mvua inanyesha, dereva anapiga honi. Kampuni ikasema hayumo daftarini, na tena hata si mfanyakazi wetu, ni wa wakala. Kumbe kibarua naye ni mfanyakazi mbele ya WIBA, maadamu anafanya kazi kwa ujira chini ya mkataba wa ajira, uwe wa siku au wa mwaka, uwe wa maandishi au wa maneno. Lililobaki ni kuthibitisha kwamba usiku ule alikuwa kazini na alikuwa garini. Kazini kulithibitishwa na ujumbe wa M-Pesa wa malipo yake ya siku, ulioingia dakika chache kabla hatujapanda. Garini tulithibitisha sisi, watu wa kuandikisha maelezo, pamoja na sweta lake lililoachwa kwenye kiti likiwa na damu, ambalo dereva, ajabu, alikuwa amelihifadhi. Alilipwa siku alizokaa nyumbani. Paji limebaki na mshono.

Sasa nije kwangu.

Miezi michache baadaye, gari lilinishusha Ferry kama kawaida. Nikavuka, nikapanda bodaboda ya kijana wa mtaani kwetu kwenda Mtongwe. Mbele yetu matatu ilirudi nyuma kutoka pembeni bila taa, kijana akakwepa, tukaingia kwenye mchanga, pikipiki ikalala na kifundo cha mguu wangu wa kulia kikiwa chini yake. Bomba la moshi lilikuwa limelalia ndama ya mguu. Mpaka watu wa kibanda cha viazi karai walipokuja kuinyanyua, ngozi ilikuwa imeshabanduka, na mpaka leo pana kovu la mviringo, laini kuliko mahali pengine pote mwilini. Matatu iliondoka. Hakuna aliyeshika namba.

Nilikuwa bado nimevaa koti la kazi. Harufu ya chai haikuwa imenitoka. Tangu nishuke kwenye gari la kampuni haikuwa imepita saa moja.

HR alikuja kunitazama nyumbani, na nasema kweli, alikuja na matunda. Nilipomuuliza kuhusu fomu akasema, "Mamangu, gari lilikufikisha Ferry salama, sahihi yako ipo." Nilikasirika. Akishaondoka nikaisoma sheria kwenye simu, mguu umewekwa juu ya mto, nikakasirika zaidi, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Gari lililotolewa na mwajiri lilikuwa limemaliza kazi yake. Bodaboda niliilipia mwenyewe. Hakuna afisa wa DOSH, hata yule mama wa makamo, ambaye angeweza kunirudisha ndani ya basi.

Ukiwa nje ya WIBA, unaangukia mahali pawili. Pa kwanza ni likizo ya ugonjwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa, kama umeshafanya kazi miezi 2 mfululizo, angalau siku 7 za mshahara kamili na siku 7 za nusu mshahara kwa mwaka. Mkataba wetu wa pamoja unatupa zaidi ya hapo, lakini kifundo kilichofungwa plasta hakisomi mkataba. Zikiisha, zimeisha. Linganisha na shoga yangu, ambaye kwa mfupa wake angeweza kulipwa hadi miezi 12. Tuko godauni moja, zamu moja, na mishahara yetu inapishana kwa kidogo. Yeye alivunjikia upande ule wa maji, mimi upande huu.

Mahali pa pili ni bima ya gari, ile ya lazima ya kumlinda mtu wa tatu, sura ya 405. Hapa mambo yanageuka kabisa. Hapa lazima umwonyeshe mtu aliyekosea. Unahitaji namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo cha polisi, abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wa ajali wenye namba ya gari na ya bima, fomu ya polisi ya majeraha, P3, aliyoijaza daktari, risiti zako zote, kisha wakili, kisha mahakama ya hakimu, na una miaka 3 ya kufungua kesi. Ukishinda, bima inalipa hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Lakini mimi wa kumshtaki ni nani? Matatu haijulikani. Kijana wa boda alikuwa anaendesha pikipiki ya mtu kwa hesabu ya jioni, na stika ya bima ilikuwa imepitwa na tarehe. Ningemshtaki ningeshinda, kisha ningekaa na hukumu yangu kama mtu aliyekaa na tiketi ya basi lililokwisha ondoka. Mama yake tunachota naye maji. Sikumshtaki.

Kadi ya SHA, bima ya afya ya serikali, ilifanya ilichoweza, ndugu walichanga, na chama kilinipa kidogo kwenye mfuko wa misiba na maradhi. Ndivyo nilivyopona.

Wakati nimelala nilikuwa nikiongea sana na mtoto wa mama yangu mdogo aliyeko Ujerumani, anayelea wazee kwenye nyumba ya wauguzi. Majira ya baridi yaliyopita alianguka na baiskeli kwenye barafu akienda zamu ya asubuhi, akavunjika kifundo cha mkono. Ananiambia kwamba mapokezi ya hospitali, kabla hata ya kumuuliza anaumwa kiasi gani, walimuuliza: "Ulikuwa unaenda kazini?" Aliposema ndiyo, akapelekwa kwa daktari maalumu wa ajali za kazi na faili likaenda kwenye bima ambayo waajiri peke yao ndio wanaoichangia. Wiki 6 za kwanza mwajiri alimlipa mshahara kamili. Akiendelea kuumwa, bima inashika, kwa asilimia 80 ya mshahara ghafi. Hakuna aliyejali baiskeli ilikuwa ya nani. Kule safari yenyewe ndiyo inayokingwa, na wamekuwa hivyo tangu 1925.

Wana mipaka yao pia, tena ya kuchekesha. Kinga inaanza ukishatoka mlango wa nje wa jengo. Ukianguka kwenye ngazi za ndani ya ghorofa yenu, hilo ni lako. Ukipita njia nyingine ili umpeleke mtoto shule ya chekechea, bado uko ndani. Ukiingia duka la mkate, bima inakungoja nje ya mlango. Binamu yangu alipokuwa ananieleza hayo nilikuwa nacheka mpaka mguu unauma, lakini nilimwonea wivu.

Najua nitaambiwa: Ujerumani ni Ujerumani, wana pesa. Kwenye semina ya chama tulifundishwa kuhusu Mkataba namba 121 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1964, unaozitaka nchi zilizouridhia ziseme ni kwa masharti gani ajali ya njiani itahesabiwa kuwa ya kazi. Kongo ya Kinshasa iliuridhia mwaka 1967, na sheria yake inamhesabu mfanyakazi aliyeumia akienda au akitoka kazini. Utekelezaji wake watauzungumza Wakongo wenyewe, lakini angalau imeandikwa. Kwa hiyo hoja ya pesa haitoshi. Hapa kwetu kilichopo ni uamuzi wa nani abebe njia, na tumeamua abebe mfanyakazi.

Na njia ya kwetu si njia ya mchezo. Mtu wa Mtongwe hahitaji kuelezwa. Tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, watu wakielekea mjini kwenye riziki zao, feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa. Nyumba za kwetu bado zinahesabu miaka kwa siku hiyo: huyu alizaliwa kabla ya feri, yule baada. Ukiipima asubuhi ile kwa kifungu cha 10 cha sheria ya leo, chombo kile hakikuwa gari la mwajiri wa mtu yeyote.

Maswali ya kantini bado yanakuja, na baadhi yana majibu mazuri kuliko watu wanavyodhani. Ukitumwa na kampuni, hata ukipanda matatu ya kulipia, hauko tena kwenye safari yako ya nyumbani. Umo kwenye shughuli za mwajiri. Karani wetu aliyepelekwa bandarini na nyaraka akagongwa na tuktuk Shimanzi hakuwa "njiani", alikuwa kazini. Kwa hiyo supavaiza akikuambia "pitia mahali fulani uniletee kitu cha ofisi", mwambie akuandikie kwenye WhatsApp. Usione haya. Lifti ya supavaiza kwenye gari lake binafsi ni jambo jingine. Yeye ni mtu mwema, lakini gari lake halikutolewa na mwajiri kubeba wafanyakazi, na wema wake hautaingia kwenye fomu. Ukishuka kabla ya kituo chako kununua mboga Mwembe Tayari ukaendelea kwa matatu, umeliacha gari, na kinga umeiacha kitini. Akina mama wa mboga watanichukia kwa kuliandika hili.

Kilichobadilika kwangu ni ninachokidai mezani. Zamani tukienda kwenye majadiliano ya mkataba wa pamoja tulikuwa tukikaza kamba kwenye mshahara na posho ya nyumba, na gari tunalitaja mwisho, watu wamechoka, chai imepoa. Sasa nataka lije mapema, kwa sababu mahali gari linapoishia ndipo WIBA inapoishia. Kila kilomita tunayoiongeza kwenye njia ya basi ni kilomita ambayo mtu akivunjika mfupa ana mahali pa kwenda. Posho ya usafiri haifanyi kazi hiyo. Menejimenti walitupa wazo la kufuta gari na kumpa kila mtu wa usiku pesa ya nauli mkononi, na vijana wengi walifurahi, maana pesa ni pesa. Nilisimama nikawaambia waione kwa macho ya shoga yangu wa mizani: angekuwa amepewa nauli usiku ule, angevunjika mtulinga kwenye matatu, na mara 96 isingekuwapo. Kura ilipopigwa gari lilibaki, kwa kura chache.

Tuliloliomba ni gari la pili upande wa Likoni, la kutupokea tukishavuka. Jibu la kwanza lilikuwa hapana. La pili lilikuwa kwamba wataangalia bajeti. La tatu, lililokuja kwa barua, linasema wako tayari kukodi matatu moja kwa zamu ya usiku tu, iishie Shika Adabu. Sisi watu wa Mtongwe ndio wengi kwenye orodha na Shika Adabu si njia yetu, kwa hiyo hatujatia sahihi. Tumependekeza lianze Mtongwe, lirudi, kisha liende Shika Adabu, wanasema mafuta. Pia hatujaelewana kuhusu ule muda wa kuvuka, kati ya gari la kwanza na la pili, ambapo mtu yuko juu ya maji na hayumo kwenye gari lolote. Katibu wa tawi anataka iandikwe kwenye mkataba kwamba kampuni itauhesabu kama sehemu ya safari. Wakili wao alitabasamu aliposikia hivyo, akasema atarudi na majibu. Kikao ni mwisho wa mwezi. Daftari la gari la pili litashikwa na mwakilishi wa wafanyakazi, hilo limeshakubaliwa, na vibarua wataandikwa.